Nimepokonywa Usukani Tunduma

Dada Tumaini,

Tu wazima, na gari letu la kulala ndani bado linakwenda. Nilimwapia wifi yako kwamba nikigombana na mtu tena kabla ya kufika nyumbani, ataendesha yeye. Leo mpakani Tunduma, baada ya saa tatu za foleni, nilishuka nikawafokea madereva wa malori kwa kuvumilia kuonewa. Mmoja akajibu kwa upole, "Mzee, hii foleni ya mizigo. Ninyi mnapita kule."

Wifi yako alikuwa amekiona kibao cha njia ya magari madogo tangu mwanzo, lakini alipotaka kuniambia nilimkatiza. Akanyoosha mkono: "Funguo, Baba Upendo."

Sasa anakata milima ya Mbozi niliyoisubiri safari nzima, mikahawa imechanua pande zote. Mwandiko unayumba kwa sababu hapunguzi mwendo kwenye kona, nami siruhusiwi kusema neno.

Nimekukumbuka, pamoja na siasa zako mbovu.

Kaka yako, Ambele