Karatasi ya Kisima Chetu

Mjukuu wangu Halima,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, ngamia wamezaa, na bibi yako bado ananicheka kwa miwani yangu.

Umeniuliza kama kisima chetu cha karibu na Liboi kina karatasi. Kinayo. Serikali ilipotupatia, nilikuwa kijana, nikampungia karatasi hiyo mzee mgeni aliyefika na ngamia wenye kiu.

"Ondoka! Hapa petu, imeandikwa!"

"Haya, mwanangu," akajibu, "iambie basi ituvutie maji."

Baba yangu ndiye aliyekichimba kisima kile. Alishuka mwenyewe akawatekea ngamia wote wa mgeni, nami nimesimama na karatasi yangu mkononi.

Imo sandukuni. Ukija nitakuonyesha, ila ukiisoma usinitazame usoni.

Awowe wako