Breki ya Mbele ya Pikipiki ya Baba

Munje, Msambweni
Jumapili, 16 Novemba 2025

Mpendwa kaka yangu Swabir,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima, na kwamba joto la huko Doha limeanza kupungua. Mgongo wako umepoa? Na wifi yangu Hasina, hajambo?

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama amepona kikohozi na amerudi kugombana na kuku wa jirani wanaofukua mihogo yake. Baba anakwenda msikitini na kurudi kwa mkongojo wake, na sauti yake bado inasikika nyumba ya tatu.

Kaka, nimeifufua pikipiki ya Baba. Ile ile nyekundu ya mwaka sabini na nane, iliyokaa bandani tangu siku wewe na Baba mlipoanguka. Nilihamishiwa shule ya Kwale kufundisha fizikia, nikachoka kubadilisha magari kila asubuhi, nikaiomba. Baba akakubali. Mama ndiye aliyeweka sharti: nisiipande kabla breki ya mbele haijatengenezwa. Baba akanuna, akasema breki ile haijawahi kuwa na kasoro.

Nilimpata Dzombo, fundi wa Ukunda, anayependa pikipiki kuukuu kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Injini ilinguruma siku ya pili. Tulipofika kwenye breki ya mbele, aliifungua kalipa inayobana diski, akatoa pedi zote mbili za breki na kuziweka kiganjani mwangu. Moja ilikuwa imelika mpaka chuma. Nyingine ilikuwa nene, karibu mpya.

Aliniuliza nani alikuwa akiiendesha mara ya mwisho. Nikamweleza yale ya mteremko wa Kwale: wewe mbele, Baba nyuma, ng'ombe akakatiza, mkaingia mtaroni, Baba akavunjika paja. Nikamweleza kwamba ulisema uliikamata breki ikakataa, na Baba akasema wodini, mbele ya watu, kwamba ulikuwa umelala macho wazi.

Dzombo akatikisa kichwa. "Kaka yako hakusema uwongo," akaniambia. "Pini ya kalipa iliganda, ikawa pedi moja tu ndiyo inayosugua diski muda wote, hata breki isipobinywa, nayo ilikuwa imekwisha. Kutu inaweza kuja bandani, lakini pedi hailiki kwa kukaa."

Jioni ile niliziweka pedi mkekani mbele ya Baba, nikamweleza maneno ya fundi. Alizigeuza, akavaa miwani, akazigeuza tena. Kisha akauliza kama chakula kiko tayari. Siku mbili hakuitaja pikipiki. Siku ya tatu nilimkuta bandani, ameketi juu ya ndoo, anasugua diski kwa msasa.

Kutoka hapo kazi ikawa ya watu watatu. Dzombo alipeleka pistoni ya zamani ya breki kwa fundi wa kukereza vyuma, akatengenezewa nyingine isiyoshika kutu. Mpira unaopitisha mafuta ya breki ulikuwa umevimba kwa ndani. Tukaweka mwingine uliosukiwa nyuzi za chuma, usiotanuka ukibinya. Pedi mpya, raba mpya, pini zikapakwa grisi.

Kilichotuchosha ni kutoa hewa kwenye mafuta ya breki. Baba anabinya mkono wa breki, mimi nalegeza parafujo, viputo vinatoka, tunaanza upya. Baba alikuwa akituamrisha kama kamanda wa jeshi, na Dzombo alicheka mpaka akaangusha spana kwenye mafuta. Lakini sasa, kaka, vidole viwili tu vinatosha kuisimamisha.

Jana Baba akasema anataka kupanda. Mama alikataa kabisa, halafu yeye mwenyewe ndiye aliyemfunga helmeti. Tulikwenda mpaka Kwale, tukageuza, tukateremka kuelekea Kombani. Tulipofika pale mlipoangukia alinigonga begani. Nikabinya. Pikipiki ikasimama wima, haikuyumba hata kidogo, ila helmeti ya Baba ikagonga yangu.

Tukaketi ukingoni mwa barabara. Akasema bila kunitazama:

"Miaka yote ile nilitumia breki ya nyuma peke yake. Ya mbele sikuwahi kuifungua. Nikampa mwanangu chombo kibovu, kisha nikamtia aibu mbele ya watu. Mwandikie. Usimpigie simu. Nataka awe na karatasi mkononi."

Nikamuuliza niandike nini hasa. Akasema, "Andika kwamba Swabir aliikamata breki, na baba yake anamwomba radhi."

Basi nimeandika, kaka, kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Alipomaliza alifuta miwani kwa kanzu, akanihimiza twende tusije tukachelewa alasiri.

Barua hii anakuletea Alamin, mtoto wa shangazi, anayerudi kazini huko. Atakukabidhi na zile pedi mbili za zamani. Baba amezifunga mwenyewe kwa kitambaa.

Mama anakusalimu sana. Chumba chako ameshaanza kukipaka chokaa, wala hakumuuliza mtu. Mjomba Sefu na Mwanasha wanakusalimu pia, na Dzombo, ingawa hakujui. Nisalimie wifi Hasina, mwambie kanga zake nilizipata.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na riziki ya halali, na akufikishe kwetu salama siku utakayochagua.

Nduguyo akupendaye daima,
Yusra