Nilichagua Giga Nane

Jumamosi. Joto tangu asubuhi, mawingu yamekaa juu ya vilima vya Gihosha na mvua haitaki kushuka. Umeme upo. Ungekatika leo ningeshukuru, na ukisikia mtu anayekula kwa mashine ya fotokopi anasema hivyo, jua mambo yake yameharibika.

Nimesema uongo. Naanza na hilo nisije nikalizunguka.

Mwalimu Furaha ni mjane kutoka Uvira. Anafundisha watoto wa wakimbizi katika chumba cha nyuma cha kanisa moja hapa Nyakabiga, karibu na duka langu. Watoto ni arobaini, vitabu vitatu. Miezi miwili iliyopita nilimwambia kuna kompyuta ndogo, bodi tupu inayoenea kiganjani. Unaichomeka kwenye televisheni, unaiwekea programu huria, zile za bure zinazotengenezwa na watu wa kujitolea, na maktaba nzima inaingia ndani bila intaneti. Wazazi wakachanga. Kuchagua wakaniachia mimi, "mwenye kujua".

Mwenye kujua!

Rafiki yangu fundi aliniambia mapema: chukua ile ya giga mbili inayotumiwa na kila mtu. Nikamcheka. Sisi hapa mjini hata simu hatuiulizi jina, tunauliza, "Iko na giga ngapi?" Nikaona nyingine ya giga nane, ya kampuni ambayo sijawahi kuisikia, nikamtuma Mama Zawadi, mfanyabiashara anayekwenda Dar es Salaam mara chache kwa mwaka. Ameileta Jumanne.

Bodi hii inakubali mfumo endeshi mmoja tu, ule iliotoka nao kiwandani, na umezeeka. Programu ya maktaba inaukataa. Nikiweka mfumo mpya, televisheni inabaki nyeusi. Nimehangaika mtandaoni siku nne. Nimempata mtu mmoja tu aliyeuliza swali langu, zamani sana, na chini ya swali lake hakuna aliyejibu.

Hapo ndipo nilipomwelewa rafiki yangu. Programu huria hazina mwenye duka wa kumlalamikia, zina watu. Ukikwama na bodi ya wengi, kuna aliyekwama kabla yako akaandika alivyojinasua. Mimi niliona giga, watu sikuwaona. Na safari ijayo ya Mama Zawadi ni baada ya mtihani wa watoto.

Jumatano Mwalimu alipita dukani kuuliza. Maneno ya kweli yalikuwepo, mafupi tu. Badala yake nikasema, "Ni courant, Mwalimu. Inakatika-katika, kazi haiendi." Katika mji huu hakuna uongo unaoaminika upesi kama huo wa umeme. Aliitikia kwa kichwa akaenda zake, na mimi nikaenda kuswali adhuhuri kama mtu mwema.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia leo saa nne asubuhi.

Mwalimu amekuja na betri ya sola kichwani, imefungwa kwa kitenge. Anakaa Kajaga, nje kabisa ya mji. Mafuta hakuna, mabasi ni ya kugombania, kwa hiyo sehemu kubwa ya njia ametembea. Ameitua juu ya meza yangu, jasho linamtoka.

"Papa Asha, shida ya courant imeisha. Tumia hii."

"Na kwako nyumbani?"

"Kwangu apana shida. Batoto bangu batalala mapema. Bale ba darasa nilisha baambia, lundi tunaanza."

Akacheka. Tangu nimjue sijawahi kumwona akicheka. Ameniambia pia kwamba jana kwake hawakuwasha taa, ili betri inifikie ikiwa imejaa.

Nikasema asante. Hilo tu ndilo lililonitoka, na ninaona haya kuliandika.

Sasa ni alasiri. Betri iko miguuni pangu. Bodi iko mezani, taa yake nyekundu inawaka vizuri kabisa, na televisheni ni nyeusi. Nimejaribu tena mara mbili, najua ni bure. Jumatatu, hiyo lundi aliyowaahidi, watoto arobaini watakaa mbele ya kioo hiki wakisubiri, na hakuna umeme wa kusingizia.

Kesho Mwalimu akitoka ibadani nitakuwa nimefika kwake Kajaga. Betri nitaibeba kichwani, kama alivyoileta yeye. Na nitamwambia kabla sijaitua.