Msikilizaji wa Rwamgasa

Jumatatu, 3 Machi

Nimepangusa vumbi kwenye maikrofoni. Nimeandika maswali ya Alhamisi. Wiki iliyopita mshairi alizungumza saa nzima, simu haikuita hata mara moja. Meneja anasema kipindi cha vitabu kikiendelea hivi, saa yangu itapewa mpira. Sikubishana naye. Miaka kumi na miwili nawahoji waandishi katika redio hii ndogo ya Kalangalala, na sijui kama kuna anayenisikia.

Kitabu cha wiki hii kimeletwa kwa basi. *Waliokula Kwangu*. Mwandishi ni Mama Neema, mama ntilie wa machimboni Rwamgasa. Jalada baya.

Ugali na dagaa. Peke yangu, kama jana.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma sura sita. Anaandika kama anavyoongea, bila kujipamba. Kila sura ni mteja mmoja. Nimecheka mara mbili. Nilitamani kumsomea mtu kipande. Hakuna wa kumsomea.

Jumatano, 5 Machi

Sura ya saba.

Mteja huyu walimwita Profesa. Mchimbaji mrefu, mtu wa Ibadakuli, kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakina ncha. Kila Alhamisi jioni alikiamuru kibanda kizima kinyamaze, akaongeza sauti ya redio, akasikiliza kipindi cha vitabu. Alimjibu mtangazaji kama mtu aliyekaa naye meza moja. Kwa nini, hakumwambia yeyote.

Ni Shija. Mdogo wangu. Kidole kile kilikatwa na panga tulipokuwa tunakata miti ya zizi. Panga nililishika mimi.

Mama alipofariki, Shija alifika siku tatu baada ya maziko, buti zimejaa tope la machimboni. Nilimwambia mbele ya waombolezaji, "Rudi kwenye mashimo yako. Hapa huna ndugu." Akaondoka. Miaka minane sasa. Sikumtafuta. Nilijiambia ana kiburi. Mwenye kiburi ni mimi.

Sura inaishia anacheka. Kwa hiyo yuko hai. Kesho nitauliza anakaa wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Neema alichelewa. Tuliingia hewani kabla sijapata nafasi ya kumuuliza.

"Shikamoo, Mwalimu." Nilifundisha shule ya msingi zamani, jina limebaki. Nikaitikia. Nikamuuliza alianzaje kuandika. Nani alimsaidia. Wateja wamesemaje. Alijibu vizuri, sikumsikia. Dakika ishirini zilibaki. Sikuweza kungoja tena.

"Profesa yuko wapi siku hizi?"

Akainama. "Duara lilimfukia, Mwalimu, shimo lote likaporomoka. Masika ya mwaka juzi. Hilo nilishindwa kuliandika. Tulimzika hapohapo, ndugu zake hatukuwajua."

"Ni mdogo wangu," nikasema. Hewani.

Mama Neema alinitazama usoni, kisha akatazama mikono yangu.

"Ndiyo maana," akasema polepole. "Kuna wiki sauti yako ilikauka. Akasema, huyu hajanywa hata uji tangu asubuhi. Tukamcheka, tukamuuliza, wewe umemjulia wapi?"

Nikaweka wimbo. Simu zikaanza kuita, zote mbili. Watu wa Katoro, watu wa Nyarugusu, wote wanatoa pole. Meneja akaingia anatabasamu: kumbe wasikilizaji wapo. Nilimchukia.

Ijumaa, 7 Machi

Sikwenda kazini. Nimelia, nimefua mashuka, nimelia tena.

Jumapili, 9 Machi

Rwamgasa. Sikuwahi kufika, na ni safari ya asubuhi moja tu. Makarasha yanasaga mawe hata leo. Mama Neema alinipeleka kaburini mwenyewe. Mawe yamepangwa vizuri, magugu hakuna. Kwenye ubao wameandika PROFESA.

Nilikuja na maneno mengi. Yakabaki mawili. Nisamehe, Shija. Nikayasema kwa Kisukuma, nikayarudia kwa Kiswahili. Upepo na vumbi tu. Nilikuwa nasubiri nini, sijui.

Fundi ataandika jina lake kamili kwenye saruji.

Kibandani Mama Neema alinipakulia wali na maharage. Sikumaliza. Hakunilazimisha. Wachimbaji wawili walikuja kunishika mkono, wakarudi kwenye sahani zao.

Jumanne, 11 Machi

Kabula amepiga simu asubuhi. Dada yetu mkubwa, ndiye pekee aliyebaki nyumbani Ibadakuli. Nilishindwa kumpigia mimi. Habari amezipata kanisani.

"Mwangaluka," akanisalimia kwa Kisukuma. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alitaka kujua jambo moja tu. Katika kitabu, Shija anamtaja yeye?

Kitabu kilikuwa mbele yangu. Sura ya saba naijua kwa moyo sasa. Hamtaji popote.

Nikasema anamtaja.

"Anasemaje?"

"Anasema ulimbeba mgongoni."

Nilimsikia anapumua. "Kweli," akasema. "Nilimbeba."

Halafu akaniuliza kama nimekula.