Barua Niliyomsomea Baba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu zote. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na mapacha. Sisi kwa mwili hatujambo. Goti la mama limetulia; anasema dawa uliyotuma ni chungu mno, kwa hiyo lazima iwe nzuri. Baba anashinda kibarazani, fimbo yake ya kazi magotini, kama mtu anayesubiri wageni.

Barua yako ilifika Jumanne. Umeuliza yaliyotokea kule ziwani, na imekuwaje baba akasemwa kwa mkuu wa hifadhi hadi akavuliwa beji baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuongoza wageni. Nitakueleza yote. Nakuomba usome hadi mwisho kabla hujapandisha mori, maana nakujua.

Macho ya baba yalianza kufifia miaka miwili iliyopita, naye alituficha. Njia ya kwenda kwenye chemchemi za maji moto aliijua kwa nyayo, na ndege aliwajua kwa sauti. Alikuwa akisimama, ananyoosha kidole, anawaambia wageni pale kuna korongo, kule bata, na wageni wakitazama wanawakuta. Ardhi ya pale unaijua, ni gamba tu juu ya maji yanayochemka. Baba huigonga kwa fimbo, na ikitoa sauti ya utupu, hapiti.

Siku moja heroe wote, wale ndege wa waridi, walihama alfajiri. Baba alisimama na wageni karibu na chemchemi kubwa, ile inayonguruma mpaka husikii la mwenzio, akanyoosha mkono kwenye ziwa tupu akawaambia watazame maelfu ya heroe. Wageni walicheka, wakadhani mzee ana utani. Mimi nilikuwa nimewapelekea maji ya kunywa, na sikucheka.

Nilimsihi aache kazi. Alinijibu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kutembea, nisije nikamwonyesha ardhi iko wapi. Akaninunia siku tatu.

Wiki iliyofuata mvua ilifungua shimo jipya kando ya njia, walinzi wakalizungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Siku hiyo baba alikuwa na walimu kumi na wawili wa shule ya msingi. Moyo wangu haukutulia, nikamwomba mwenzangu anishikie dirisha langu la tiketi, nikawafuata. Baba aliyapita yale mawe kana kwamba hayapo. Fimbo ilikuwa ikigonga, lakini ngurumo iliimeza sauti yake. Mwalimu mmoja mjamzito alikuwa hatua moja nyuma yake. Nilimwita baba kwa nguvu zangu zote, akasimama, na gamba likavunjika mbele ya kiatu chake, mvuke ukatufunika. Sijawahi kuogopa namna ile. Ulipotawanyika, nilihesabu watu mara mbili. Hakuna aliyeumia. Baba aliwaambia walimu kwamba chemchemi zetu zinapenda kusalimia wageni, wakacheka, safari ikaendelea.

Kesho yake alivuliwa beji. Aliamua moja kwa moja kwamba aliyemsema ni Dereva, rafiki yake wa ujana anayeleta wageni kwa basi dogo, kwa kuwa aliwahi kumshauri akapimwe macho. Tangu hapo hakuitikia tena salamu yake. Nawe, ulipopata habari hizo, ukaandika kwamba mtu huyo ni nyoka, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, na asikanyage kizingiti chetu hata siku ya msiba.

Kaka, ni mimi. Nilikwenda kwa mkuu wa hifadhi jioni ile ile, matope meupe hayajakauka viatuni, nikamweleza nilichokiona. Nililia, lakini nilisema. Na ningesema tena.

Ulipoandika hukujua kwamba baba hawezi tena kusoma. Anayemsomea barua zako ni mimi. Ile niliisoma yote, nyoka na kizingiti, bila kuruka neno, kwa sababu niliona nastahili. Nilipomaliza aliniambia kwamba maisha yake yote ameijua ardhi yenye utupu kwa sauti yake, na kwamba nilipofika kwenye nyoka, aliisikia sauti hiyo kinywani mwangu. Hakunigombeza. Aliinuka, akaniwekea mkono begani, yeye asiyekubali kushikwa, akaniambia nimpeleke kwa Dereva. Tulikwenda polepole, na kila palipokuwa na jiwe nilimwambia.

Basi nawe mwandikie Dereva, umtake radhi. Kizingiti ulichomkataza mtu huyo, mimi hukifagia kila asubuhi, na bado sijajua kama unaniruhusu.

Mama anakusalimu sana. Msalimie wifi, na mapacha uwakumbatie kwa niaba yetu. Ukijibu, andika ukijua kwamba nitaisoma mimi, kwa sauti, na baba atakuwa anasikiliza.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba