Neno la Siri Kule Burma

Adelphi, Maryland

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu. Sisi hatujambo. Mama yako anafanya shifti mbili, na mimi theluji imenifungia ndani. Picha ya upanga wa kale uliyotuma kutoka kambi yenu ya jeshi la Marekani huko Japani imefika. Unasema unasoma vita vyao vyote, tangu vya farasi na mishale hadi vya ndege, na unaniuliza kama sisi askari wa Kiafrika kule Burma tuliwaogopa Wajapani.

Tuliwaogopa sana. Walijipenyeza msituni mpaka karibu na mahandaki yetu. Basi afande mzungu akatupa neno la siri, "lulu", kwa sababu Mjapani hawezi kutamka "l", atasema "ruru".

Asubuhi moja ya ukungu nilikuwa lindoni. Majani yakatikisika. Nikauliza, "Neno?"

"Ruru."

Kidole kikaanza kuvuta kifyatulio cha bunduki.

"Musa, ni mimi. Usipige."

Nikashusha bunduki. Alikuwa Chacha, Mkurya wa kombania yetu. Kwao nako hawana "l". Afande hakulijua hilo. Mimi nililijua, maana nilikula naye sahani moja kila siku, lakini woga ulinisahaulisha.

Mama yako ameniambia kwamba mwezi ujao jeshi linakupeleka Iraki, kulinda geti. Watu watakuja hapo, na watalitamka neno lenu wanavyoweza. Tangu juzi nakiangalia kidole changu hiki, naogopa chako.

Babu yako,
Musa