Nimemwachisha Shangazi Dawa kwa Majibu Tisa

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka, mimi naingiza takwimu kwenye utafiti wa dawa mpya ya vidonda vya miguu, na shangazi yangu aliyenilea ni mmoja wa wagonjwa themanini wanaoijaribu, sasa kila mgonjwa hupimwa akifikisha miezi sita ndipo tuandike kama amepona, ila kidonda kikiharibika kabla ya hapo tunaandika papo hapo kwamba dawa imeshindwa, basi juzi nikachungulia majibu yaliyoingia, nikakuta tisa, na saba kati yake ni "imeshindwa", nikakimbia hadi kwake, "Shangazi, acha hiyo dawa, itakumaliza!" naye kwa kuniamini akaacha siku hiyo hiyo, na kliniki hataki hata kuisikia, leo daktari mkuu ananiuliza, "Mbona yule mama haji, na kidonda chake kilikuwa kinafunga?" je, niseme au ninyamaze?

Kimbelembele wa Takwimu

Ewe Kimbelembele, pole, na ushike adabu. Watu themanini, umeona tisa, ukatangaza matanga! Hebu nikuulize: habari mbaya huingia lini? Siku yoyote. Na habari njema? Mpaka miezi sita itimie. Basi mwanzoni majibu lazima yajae vilio, hata dawa ikiwa nzuri. Wale sabini na mmoja hawajashindwa wala hawajapona, muda wao haujafika. Ndiyo maana wataalamu walipanga kabla ya kuanza ni lini watachungulia, na watahesabu vipi: kila mgonjwa kwa muda aliokaa kwenye dawa, na vipimo vya miezi ya mwanzo vionyeshe wale ambao hawajafikisha miezi sita wanaelekea wapi. Kazi hiyo hukupewa wewe.

Najua ni mapenzi. Ningekuwa wewe, labda ningetoka mbio bila viatu. Lakini umemwamulia mtu mzima kwa hesabu nusu.

Ukimaliza kusoma, nenda kwa daktari mkuu useme yote, usipambe. Wakikuondoa kwenye takwimu, kubali. Fomu ya shangazi usiiguse, iandikwe kwamba aliacha na sababu yake. Kisha mpeleke shangazi, kidonda kikaguliwe leo hii; kurudi kwenye dawa ni shauri lake na daktari. Na akikuuliza, "Mwanangu, hiyo dawa inaponya?" mwangalie usoni umjibu: "Shangazi, sijui. Hata siku ile nilikuwa sijui."